Marehemu Bi. Sofia Kawawa: tulimjibu, lakini je, tulimsikia?

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Mfaranyaki, Songea

Jumamosi moja baada ya darsa ya alasiri, binti mmoja wa madrasa yetu hapa Mfaranyaki, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinijia akiwa na daftari lake mkononi. Mwalimu wake wa historia alikuwa amewaagiza waandike kurasa mbili juu ya mwanamke wa siasa mwenye uhusiano na mkoa wetu wa Ruvuma. Wenzake wengi walikuwa wamekwisha kumchagua Nkomanile, yule kiongozi wa Kingoni aliyenyongwa na Wajerumani pamoja na mashujaa wa Majimaji tarehe 27 Februari 1906. Yeye alitaka mwanamke wa Kiislamu, tena wa zama za karibu. "Ustadh," akaniuliza, "kwani sisi hatuna mtu?"

Kabla sijafungua kinywa, mzee wetu mmoja wa safu ya mbele, ambaye alikuwa ameketi barazani akiingoja magharibi, alijibu kwa niaba yangu. "Yupo. Mke wa Kawawa. Lakini huyo usimwandike, mwanangu. Aliitukana dini."

Binti alinitazama mimi. Nami nikiri mbele ya wasomaji kwamba sikuwa na jawabu. Mwaka huo wa 1988, ambao mzee alikuwa akiukumbuka, mimi sikuwa nimezaliwa. Chuoni tulisoma habari za Khadija na Aisha (radhi za Allah ziwe juu yao), tukasoma habari za Fatima al-Fihri aliyeasisi Qarawiyyin kule Fez, lakini hatukusoma lolote juu ya mwanamke wa Kiislamu aliyekalia kiti kikubwa cha wanawake wa nchi hii kwa miaka mingi. Nilimwomba binti anipe wiki mbili. Makala haya ni matunda ya wiki hizo mbili, na ya mazungumzo na wazee ambao baadhi yao hawakufurahi kuulizwa.

Bi. Sofia Kawawa alikuwa mke wa Rashidi Mfaume Kawawa, mzaliwa wa Matimira, hapa hapa Songea, ambaye makumbusho yake yapo Bombambili. Waliooana mwanzoni mwa miaka ya 1950, TANU ikiwa bado haijazaliwa na mume akiwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kijana aliyejulikana kwa watu zaidi kwa kuigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu kuliko kwa siasa. Baadaye Kawawa akawa katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, kisha Waziri Mkuu mwaka 1962, kisha Makamu wa Pili wa Rais, kisha Waziri Mkuu tena mwaka 1972. Watu walimwita Simba wa Vita. Mke wa mtu wa namna hiyo angeweza kukaa nyumbani akapokea wageni, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye hakukaa.

Ili kukifahamu kiti alichokikalia, yafaa kwanza tumtaje aliyekitangulia. Bibi Titi Mohamed, binti wa Kiislamu wa Dar es Salaam aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 alikuja mgeni kutoka Uingereza, John Hatch wa chama cha Labour, akawauliza viongozi wa TANU: idara yenu ya wanawake iko wapi? Haikuwapo. Wakamtafuta Bibi Titi. Naye hakuanza na hotuba wala vitabu. Aliyaendea makundi ya ngoma na vyama vya lelemama vya mjini, akazungumza na wale waliowaongoza wanawake katika furaha na msiba, na katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamechukua kadi za TANU wakati waume zao wengi, kwa kuogopa kufukuzwa kazi serikalini, walikuwa hawajathubutu. Wengi wa wanawake hao walikuwa Waislamu wa buibui, watu wa kisomo cha juzuu, ambao wazungu na hata wasomi wetu waliwahesabu kuwa watu wa nyuma. Jambo hili hulisikia likisemwa kwa kupita tu katika sherehe za Uhuru. Lingestahili kurasa zake lenyewe.

Mwaka 1962 ilipoundwa UWT, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, Bibi Titi ndiye aliyekuwa kiongozi wake wa kwanza. Alikuwa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo pia. Mwaka 1965 akakikosa kiti cha ubunge. Na tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na pamoja nalo miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alikuwa na nyumba za kupangisha. Kwa mwanamke wa mjini ambaye hakuwa na shahada wala pensheni, nyumba ndiyo uzee wake. Akajiuzulu. Mwaka 1969 alikamatwa, mwaka uliofuata akashitakiwa kwa uhaini katika kesi ambayo mshitakiwa mkuu alikuwa Oscar Kambona, mtoto wa Nyasa katika mkoa wetu huu, aliyekuwa uhamishoni. Bibi Titi akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Alirejea katika nyumba ya upweke. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000, na leo ipo barabara yenye jina lake katikati ya Dar es Salaam, ambayo wengi wanaopita juu yake hawamjui.

Kiti cha UWT kikaja kwa Bi. Sofia. Hapa ndipo tofauti ya wanawake hao wawili inapojitokeza. Bibi Titi aliipenda TANU lakini ujamaa wa Azimio ulimshinda kooni. Bi. Sofia aliuamini. Kwa lugha ya leo tungemwita mwanasiasa wa mrengo wa kushoto: aliamini kwamba unyonge wa mwanamke si majaaliwa, una sababu zake katika mali, kazi na sheria, na kwamba dola iliyotwaa mabenki na mashamba ya katani ina uwezo pia wa kuingia ndani ya nyumba na kuuondoa unyonge huo.

Kwetu sisi watu wa Songea imani ya namna hiyo haikuwa ngeni wala haikuletwa na magazeti. Litowa ipo karibu nasi. Huko, tangu mwaka 1960, vijana wa TANU walilima pamoja na kula pamoja, na kutoka kwao likatokea shirika la maendeleo la vijiji vya Ruvuma ambalo Mwalimu Nyerere mwenyewe alilisifu, hadi Kamati Kuu ilipolivunja mwezi Septemba 1969. Wazee wanaolikumbuka husema kwa uchungu kwamba walikuwa wajamaa kabla ya Azimio, na wakaambiwa waache ili waletewe ujamaa. Hayo tuyaache. Ninachotaka msomaji akione ni hali ya hewa ya siku hizo, kwamba jambo la kugawana jembe na mavuno, na mwanamke kuhesabiwa katika mgawo kwa jina lake, lilikuwa likizungumzwa hata vijijini kwetu.

UWT ya wakati wa Bi. Sofia ilikuwa na kazi nyingi ndogo ndogo ambazo hazikuandikwa sana: vituo vya kulelea watoto mchana, maduka ya ushirika, madarasa ya kisomo cha watu wazima, bustani, na baadaye shirika la uchumi la SUWATA. Sitakaa hapo. Mambo mawili ndiyo yaliyobaki katika sheria za nchi, na yote mawili yanatuhusu sisi Waislamu moja kwa moja.

La kwanza ni Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971. Kabla yake kila jamii ilifuata yake: Waislamu sheria yao, Wakristo yao, wenye mila mila zao. Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo mwaka 1969, na mjadala ukawaka nchi nzima, misikitini, makanisani na Bungeni. UWT ilisimama upande wa sheria mpya. Wabunge wanaume, Waislamu na wasio Waislamu, walishituka hasa kwa yale yaliyohusu mke wa kwanza kuwa na sauti mumewe anapotaka kuongeza mke. Sheria iliyopitishwa hatimaye ilikuwa suluhu: ndoa ya Kiislamu ikaendelea kuhesabiwa kuwa yaweza kuwa ya wake zaidi ya mmoja, mke akapewa haki ya kuweka pingamizi kwa sababu zilizotajwa, kwa mfano pale ambapo uwezo wa mume hautoshi, mume akakatazwa kumpiga mkewe, mabaraza ya usuluhishi yakaundwa, nayo ndiyo yale yale ambayo sisi katika kamati tunawapelekea wanandoa hadi leo, na mahakama ikapewa mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa pamoja. Sheria hiyo haikuhusu Zanzibar, ambako Mahakama za Kadhi ziliendelea. Yapo ndani yake ambayo wanazuoni wetu hawajaridhika nayo mpaka sasa, na umri wa kuolewa kwa binti, uliowekwa kuwa miaka 15, ukaja kukataliwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 na na Mahakama ya Rufani mwezi Oktoba 2019, huku mjadala ukirejea upya misikitini.

La pili ni likizo ya uzazi. Kabla ya mwaka 1975 mwajiriwa asiye na mume hakuwa na haki ya likizo ya uzazi yenye malipo. UWT iliipigania haki hiyo, na mwaka 1975 sheria ikabadilishwa ili kila mwajiriwa mwanamke aipate, awe ameolewa au hakuolewa. Nilipomsimulia mzee wetu habari hii alitikisa kichwa. "Unaona? Huko ni kuhalalisha zinaa." Nikamuuliza: mtoto aliyezaliwa ana kosa gani hata mama yake akose siku za kumnyonyesha? Sisi tunaosoma katika hadithi jinsi Mtume (SAW) alivyomrudisha yule mwanamke wa Ghamid akajifungue kwanza, kisha akamnyonyeshe mwanawe mpaka aache ziwa, kabla ya neno lolote la adhabu, tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mzee hakunijibu. Akaniambia niendelee.

Nikaendelea mpaka mwaka 1988.

Wakati huo Mzee Ali Hassan Mwinyi ni Rais, Mwalimu bado Mwenyekiti wa chama, na Rashidi Kawawa ni Katibu Mkuu wa CCM. Mkewe ni Mwenyekiti wa UWT. Kwa hiyo neno lake, hata akisema ni lake mwenyewe, lilisikika kama neno la nyumba ya chama. Alisema kwamba sheria zinazohusu ukewenza na mirathi zitazamwe upya, kwa kuwa kwa maoni yake zilimdhulumu mwanamke, na akazitaja sheria za Kiislamu. Zanzibar ilikuwa tayari inachemka: mwezi Januari mwaka huo Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa ameondolewa katika uwaziri kiongozi, na mwezi Mei yeye na wenzake wakafukuzwa katika chama. Ijumaa ya tarehe 13 Mei, Ramadhani ya mwaka 1408 ikielekea ukingoni, waumini walitoka misikitini mjini Unguja wakaandamana kuipinga kauli hiyo. Polisi wakafyatua risasi. Watu wawili walikufa.

Ndugu msomaji, ni lazima tuliseme hili bila kulizunguka. Watu wawili waliofunga swaumu walitoka kuitetea dini yao wakarudishwa kwao wakiwa maiti. Aliyeshika bunduki si Bi. Sofia, lakini mwanasiasa wa cheo chake alipaswa kujua kwamba maneno yana mahali na wakati. Wazee wanaokasirika wakisikia jina lake hawakasiriki bure.

Kwa nini hofu ilikuwa kubwa kiasi hicho? Nadhani sababu mojawapo ni Somalia. Mwezi Januari 1975, Siad Barre, aliyejiita mjamaa wa kisayansi, alitangaza sheria ya familia iliyomsawazisha mwanamke na mwanamume katika mirathi. Masheikh wakaipinga kutoka juu ya mimbari za Mogadishu. Kumi wakahukumiwa wakauawa kwa risasi mwezi huo huo. Tunisia nayo, tangu mwaka 1956, ilikuwa imepiga marufuku kabisa ndoa ya wake wengi kwa amri ya Bourguiba. Kwa mwanachuoni wa Unguja au Tanga aliyekuwa akisikiliza redio, serikali ya kijamaa iliposema "tutazame upya", masikio yake yalisikia Mogadishu. Tofauti ni kwamba hapa kwetu, baada ya kauli ya Bi. Sofia, hakuna sheria yoyote iliyobadilishwa. Mitala ikabaki, mirathi ikabaki, na mazungumzo yakafungwa.

Hapo ndipo ninapotaka kutoa rai yangu, na mwenye kuona vinginevyo aandike.

Katika suala la mgawo wa mirathi Bi. Sofia alikosea. Aya ya 11 na ya 12 za Surat An-Nisaa zinataja mafungu kwa hesabu. Hapo si mahali pa kamati ya chama wala pa kura. Fungu la binti kuwa nusu ya la kaka yake limeambatana na wajibu wa kaka kulisha, kuoa kwa mahari na kumtunza dada huyo huyo asiye na mume. Mwenye kuing'oa nusu moja ya kanuni na kuiacha nusu nyingine hajaitazama kanuni.

Katika ukewenza pia alilifanya jambo la ruhusa lionekane kama ndilo dhuluma yenyewe. Aya ya 3 ya sura hiyo hiyo imeweka sharti la uadilifu, na anayeogopa kutoutimiza ameelekezwa kwa mmoja. Ruhusa ina mlango na mlango una bawabu.

Lakini tujiulize yeye alikuwa amekaa wapi, na alikuwa akisikia nini. Mwenyekiti wa UWT alikuwa akipokea wanawake kutoka kila wilaya, na wanawake hao hawakwenda kwake kulalamikia aya. Walikwenda kulalamikia waume na mashemeji ambao walikuwa wakizisoma aya kwa namna yao. Naandika hivi kwa sababu mimi ni katibu, na katibu ndiye anayetunza daftari la kumbukumbu.

Katika daftari letu lipo shauri la mjane mmoja, ambaye sitamtaja wala sitataja mtaa wake. Mumewe alifariki akaacha nyumba ya vyumba vinne na shamba la mahindi. Wazazi wa marehemu walikuwa wametangulia. Aliacha mke, mabinti watatu, na ndugu zake wawili wa kiume. Mtoto wa kiume hakuwapo. Kabla eda haijafika nusu, ndugu hao walikuja na kusema kwamba kwa kuwa ndugu yao hakuacha mwana, nyumba ni ya ukoo, na mjane akimaliza eda arudi kwao na mabinti zake. Walipoulizwa kwa hoja gani, walijibu bila kupepesa: sheria ya dini.

Sasa tuifanye hesabu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo chochote cha Kiislamu huweza kuifanya. Baada ya kulipa madeni ya marehemu na kutekeleza wasia, kama upo, mke ana thumni, yaani sehemu moja katika nane, kwa kuwa wapo watoto. Mabinti watatu wana theluthi mbili wakigawana sawa. Tukiigawa mali katika mafungu 24, mke ana 3, mabinti wana 16. Yanabaki 5, na hayo ndiyo ya ndugu wa kiume wa marehemu, kama asaba. Wanawake wanne wa nyumba hiyo wana haki ya mafungu 19 kati ya 24, kwa sheria ile ile iliyotumiwa kuwafukuza. Mashemeji walikuwa na haki ya mafungu matano, na walitaka yote 24.

Je, mwanamke huyo angekwenda kwa Bi. Sofia na kumwambia, "Mama, nimefukuzwa kwa sheria ya Kiislamu," tungemtarajia Bi. Sofia asikie nini? Hakuwa faqihi. Alikuwa mwanasiasa, na mwanasiasa hutafuta dawa katika kile anachokiweza, nacho ni kubadili sheria. Kosa lake, kwa mtazamo wangu, ni kuamini maneno ya madhalimu kuhusu sheria wanayoisingizia. Kosa letu ni kwamba tulipomjibu kuwa Uislamu haukumdhulumu mwanamke, jambo ambalo ni kweli, tulirudi majumbani mwetu tukiwa tumeridhika, na yule mjane tukamwacha pale pale uani na mizigo yake.

Itakumbukwa kwamba mwanamke kuleta malalamiko yake hadharani si uzushi wa UWT. Khawla binti Tha'laba alimfuata Mtume (SAW) akimlalamikia mumewe aliyemfanyia dhihar, akajadiliana naye, hakunyamaza, na Allah (SW) akateremsha mwanzo wa Surat Al-Mujadila kwa ajili ya shauri lake. Mila ya zama zile ilimwacha mwanamke akining'inia, si mke wala si mtalaka. Wahyi ukaivunja.

Na mahakama zetu nazo zimeendelea kuyaona yale yale. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, wanandoa wa Kiislamu waliooana 1971 na kuachana 1980. Swali lilikuwa: je, mwanamke aliyepika, kufua na kulea kwa miaka yote hiyo, bila kutia shilingi katika ujenzi wa nyumba, ana mchango katika mali iliyochumwa? Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Linalosahauliwa ni kwamba Bi. Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa ilionekana kuwa fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya familia alizitumia vibaya. Alishinda kanuni akakosa mali. Wanawake waliofuata ndio wanaoifaidi. Kanuni hiyo ilitokana na sheria ile ya 1971, ambayo Bi. Sofia na wenzake waliipigania wakati wengi walikuwa wakiwacheka.

Bi. Sofia alifariki mwaka 1994. Alikuwa ameushuhudia mwaka 1992, nchi iliporudi katika vyama vingi, na kabla yake Azimio la Zanzibar la 1991 lililoilegeza miiko ya uongozi, hata kiongozi akaruhusiwa nyumba za kupangisha, zile zile zilizomgharimu Bibi Titi. Nimejaribu kuwaza wanawake hao wawili walivyoipokea habari hiyo. Mumewe aliishi hadi tarehe 31 Desemba 2009, akazikwa kwa heshima zote za kitaifa.

Hayo ndiyo niliyompa binti, pamoja na onyo kwamba asiandike kitu kwa sababu mimi nimesema, aulize na wengine. Ameandika kurasa nne badala ya mbili. Amemweka Bi. Sofia na Bibi Titi pamoja, ameandika habari ya 13 Mei 1988 bila kuipunguza makali, na ameongeza hesabu ya mafungu 24 kwa mchoro wa duara aliouchora kwa bikari. Mwalimu wake amempa alama nzuri na kumuuliza aliipata wapi hesabu hiyo.

Ijumaa iliyopita, baada ya swala, alikuja na daftari barazani. Mzee wetu hasomi tena maandishi madogo, macho yamechoka. Akamwambia amsomee. Binti alisoma yote, sauti ikitetemeka mwanzoni, nasi wengine tulikuwa tunajifanya tunakunja mikeka. Alipofika mahali pa Unguja, mzee aliinua mkono akamsimamisha.

"Hapo umeandika sawa," akasema. "Ilikuwa Ramadhani. Tulisikia katika redio tukiwa tunangoja kufuturu."

Akamruhusu aendelee. Alipomaliza ile hesabu, mzee alimwambia airudie, naye akairudia: tatu, kumi na sita, tano. Mzee alikaa kimya kwa muda. Yeye ni mjumbe wa kamati, na katika kikao kilichopita alikuwa upande wa mashemeji.

"Katibu," akaniita, "lile jalada la yule mjane lipo wapi? Jumatano ulete."